Spika Ndogo za Mama Makochi

Siku Besi alipomhama mkewe, hakuanza na nguo wala godoro. Alianza na spika. Alikuja na gari la mizigo na wapagazi wawili, akasimama mlangoni mikono kiunoni akiwaelekeza kama watu wanaombeba mgonjwa mahututi: inamisha hapo, taratibu, usishike kitambaa, shika mbao. Mkewe alikuwa amekaa pembeni anashona foronya, macho makavu. Spika zile zilimfikia kifuani akisimama, na kitambaa cheusi kilichozifunika uso alikivuta na kukipigilia yeye mwenyewe, mwaka ule panya walipotafuna cha kwanza.

Spika ya pili ilipokuwa inavuka kizingiti, aliuliza swali moja tu.

"Hata moja huniachii?"

Besi alicheka, na kilichouma ni kwamba kicheko chenyewe hakikuwa na ubaya. Alicheka jinsi mtu mzima anavyomcheka mtoto aliyeomba kuendesha basi. "Utaifanyia nini? Wewe masikio yako ya mbao."

Gari likaondoka. Mkewe akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akaikunja foronya. Ndipo alipokula kiapo, kimoyomoyo, kwamba atanunua spika zake, na kwamba yule bwana atazisikia.

Neno lile la masikio ya mbao halikuwa jipya. Besi alikuwa fundi wa mitambo ya sauti, ndiye aliyefunga spika kwenye harusi, mikutano na mahafali ya shule, na jina lenyewe alipewa na watu kwa sababu hakuna shughuli yake iliyopita bila vifua vya wageni kutetemeka. Watu waliamini sikio lake kuliko vipimo. Mkewe alikuwa fundi wa kushona na kujaza makochi. Mtaa mzima ulimwita Mama Makochi. Alipoolewa alikuja na redio ndogo ya marehemu mama yake, ambayo kitufe chake kimoja kilikuwa kimeng'oka ikabidi izungushwe kwa koleo. Aliipenda redio ile. Jioni moja alirudi kutoka kazini akaambiwa imepewa mnunuzi wa vyuma chakavu. "Ilikuwa inachafua sikio," Besi alisema, akaendelea kula.

Miaka ikaenda. Spika kubwa zikaingia sebuleni, na sauti ya muziki kila mwaka ikazidi kuwa kali. Mama Makochi alipolalamika kwamba muziki unamkwaruza, kwamba waimbaji wanatema "s" kama mtu anayekuna sufuria kwa kisu, Besi aliwageukia wageni akawaambia mke wangu huyu ana masikio ya mbao, mwimbieni mtamkuta anapima kochi. Wageni walicheka. Naye aliyekuwa ameshika sinia alicheka pamoja nao. Hicho ndicho alichokuja kukumbuka baadaye kuliko yote, kwamba na yeye alikuwa akicheka.

Besi alihamia kwa msichana aliyekuwa akikaa kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. Huyo Mama Makochi hakumwekea kinyongo; hasira zake zote alikuwa amemtunzia Besi mwenyewe. Nyumba ya kupanga ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja, akairudisha, akahamia kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya karakana yake. Kitanda kiliingia, meza ikaingia, kabati likakataa. Dirisha moja liliangalia kichochoro ambapo jirani alianika mashuka. Ukinyoosha mikono katikati ya chumba hukugusa kuta, lakini ulihisi kwamba ukijaribu kidogo tu utazigusa.

Binti yao alifanya kazi ofisi ya mizigo karibu na stendi, na alikuwa akija Jumapili. Alipoambiwa habari ya spika alimtazama mama yake kama aliyeambiwa anataka kununua ndege.

"Mama, huna hata kabati. Nguo ziko kwenye mifuko."

"Kabati haliimbi."

"Unataka kumkomoa baba."

"Ndiyo," alisema Mama Makochi. "Nipitishie huo mkasi."

Alianzia kwenye maduka makubwa ya barabarani, maana ndiko Besi alikokuwa akinunua. Muuzaji wa kwanza alikuwa kijana mwenye shati la kubana na maneno mengi. Alimwonyesha maboksi yenye taa za rangi zilizokuwa zikiwakawaka hata kabla muziki haujaanza.

"Hizi mama zinatikisa ukuta."

"Ukuta si wangu, ni wa mwenye nyumba."

"Na zina redio, zina mahali pa kuchomeka maikrofoni, ukitaka kuimba unaimba."

"Nani kakwambia nataka kuimba? Weka mwanamke mmoja anaimba na gitaa moja. Zima hizo taa, zinaniumiza macho."

Kijana akaweka. Sauti ikatoka kubwa, imevimba, mwanamke akasikika kana kwamba anaimba amejifunika ndoo. Mama Makochi alisimama pale akiwa amebana mkoba kwapani, akajiuliza kama kweli hana masikio, maana kijana alikuwa akitikisa kichwa kwa raha. Bei alipotajiwa alishukuru, akatoka. Duka la pili na la tatu yalikuwa yale yale, tofauti ilikuwa rangi ya taa.

Mteja wake mmoja, aliyekuja kubadilisha vitambaa vya viti, ndiye aliyemwambia aende kwa Risasi. Risasi alikuwa fundi redio aliyekaa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali penye upana wa mlango na nusu, na jina lake lilitokana na risasi ya kulehemu iliyomtia madoa kwenye kila shati alilokuwa nalo. Alikuwa mwanaume wa makamo, mnene, mwenye tabia ya kujibu swali huku anatafuta bisibisi.

"Fundi," Mama Makochi alimwambia, "nataka spika zinazoshinda za Besi."

Risasi akaacha kutafuta bisibisi. "Wewe ndiye mke wake."

"Nilikuwa."

"Basi fundi, mimi na wewe tuseme ukweli. Zile za Besi zimetengenezwa kwa ukumbi. Chumba chako kina ukubwa gani?"

Alimweleza. Risasi akacheka mpaka kiti kikalia. "Ukiweka dubwana lile humo ndani, besi itajaa kwenye kona kama maji kwenye beseni. Haina pa kwenda. Utasikia bum, bum, na mwimbaji humwoni. Chumba kidogo kinataka spika ndogo, zikae mbali kidogo na ukuta, masikio yako na zenyewe viwe usawa mmoja. Na usinunue kwa macho. Kesho njoo na wimbo unaoujua kama jina lako."

Mama Makochi alirudi nyumbani amenyong'onyea. Alikuwa ametaka kitu kikubwa. Katika ndoto zake za kisasi alikuwa amekiona: Besi anapita barabarani, dirisha linatikisika mbele ya uso wake. Kisasi cha spika zinazoingia kwenye kapu la sokoni hakikumwingia akilini. Lakini alipokuwa anakoroga gundi asubuhi, binti yake alimpigia simu, na katika mazungumzo akadondosha kwamba baba hana raha. Kule alikohamia ni vyumba viwili, sebule yake haina tofauti na chumba cha mama. Spika zimejaa ukuta mzima. Kila akiwasha, sauti inanguruma tu, waimbaji hawasikiki, jirani wa juu anagonga sakafu kwa mchi.

"Anasema nyumba ile ina kasoro," binti alisema.

Mama Makochi aliweka simu chini akacheka peke yake katikati ya sponji na misumari mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachukua santuri moja, akaifunga kwenye khanga, akaenda kwa Risasi.

Mashine ya santuri Besi hakuichukua. Alikuwa amehamia kwenye muziki wa simu, na katoni la santuri aliliacha na ahadi ya kulirudia siku akipata nafasi. Ile aliyoibeba Mama Makochi ilikuwa ya bendi ya zamani, wimbo wa mwanamke anayemuaga mtu kituoni. Aliujua wimbo ule tangu redio ya mama yake. Alijua mahali ambapo mwimbaji anavuta pumzi kabla ya ubeti wa pili, na mahali, karibu na mwisho, ambapo mpiga ngoma anagusa kengele moja ndogo, nyembamba, halafu haigusi tena.

Risasi alikuwa ametoa jozi kadhaa za spika za mitumba, zote ndogo. Mama Makochi alimwambia azifunike kwa kitambaa. "Wewe umesema nisinunue kwa macho."

Akakaa kwenye kigoda chini ya ngazi, watu wakipanda na kushuka juu ya kichwa chake, akasikiliza. Jozi ya kwanza ilikuwa na sauti tamu, tamu mno, kama chai iliyokolea sukari, na baada ya dakika chache ilimchosha. Ya pili ilimkwaruza, akanyoosha mkono kumwambia Risasi azime. Ya tatu ilipoanza alitega sikio, akasubiri wimbo uje. Haukuja kwa kishindo. Mwanamke alikuwa tu pale, kati ya ukuta na meza ya fundi, mtu mwenye kimo na mdomo. Akavuta pumzi. Gitaa likawa upande wa kushoto, mbali kidogo. Na kengele ilipogongwa, Mama Makochi alihisi nywele za mikono zinasimama, kwa sababu mara ya mwisho kuisikia alikuwa bado hajaolewa.

"Hizi," alisema.

Risasi alifunua kitambaa. Zilikuwa mbaya kuliko zote: mbao imechubuka, na pete ya sponji inayozunguka koni imeoza, inapukutika kama majani makavu. Spika moja ingeweza kunyamaza wakati wowote. "Nimeziweka ili nione kama utazikataa. Nakuuzia kwa bei ya mbao," alisema. "Ila pete zake zitolewe, zibandikwe mpya, na mimi vidole vyangu hivi havina subira hiyo."

"Nitumie gundi gani?"

Alimwonyesha. Kazi ile Mama Makochi aliifanya mwenyewe kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, akikwangua sponji iliyooza kwa wembe wa mishono, akisafisha ukingo wa koni kwa pamba yenye spiriti, akishusha pete mpya polepole ikae katikati bila kugusa chuma. Ikikaa upande, spika inakwaruza. Akaitoa mara mbili, akairudia. Subira ikimwishia alikumbuka kicheko cha siku ya wapagazi, akaipata tena. Hasira zake zilikuwa na kazi nzuri ya kufanya. Mbao aliipiga msasa na vanishi. Risasi alimwongezea amplifaya ndogo iliyotumika, kwa makubaliano ya kujaziwa kiti chake kile kinacholia.

Kisha akakitengeneza chumba. Alishona pazia zito la dirishani, akatundika ukutani ubao aliouvika mabaki ya sponji na kitambaa cha kijivu, akahamisha kitanda, akaweka spika juu ya stuli mbili zilizojazwa mchanga miguuni. Akazisogeza mbele, nyuma, mbele tena. Binti yake alipokuja Jumapili aliambiwa akae huku, sasa huku, sasa funga macho. Alipofumbua alikuwa amebadilika uso.

"Mama, huyu yuko humu ndani."

"Kamwambie baba yako aje achukue santuri zake," alisema Mama Makochi. "Aje mwenyewe. Simwachii mpagazi."

Besi alikuja mchana wa siku ya kazi, amevaa kofia, ananukia manukato. Alikuwa amepungua kidogo. Alikaribishwa kwenye kiti ambacho Mama Makochi alikiweka mahali pake kwa makusudi kabisa, baada ya kupima kwa kamba. Binti alikuwa amekaa kitandani, ametoka kazini kwa ruhusa kwa sababu hakupenda wazazi wake wakutane peke yao. Spika zilikuwa zimefunikwa kwa vitambaa vya meza, na juu ya kila moja kulikuwa na kikapu cha nyuzi.

"Kabla hujaondoka nazo, sikiliza moja," alisema Mama Makochi. "Nione kama hazijaharibika."

Akashusha sindano. Besi alikuwa anatabasamu lile tabasamu lake la kuvumilia. Bendi ilipoanza, tabasamu likapotea. Akakaa wima. Akageuza kichwa kulia, kushoto. Ubeti wa kwanza ukapita, akainuka akachungulia nyuma ya pazia, akainama akaangalia chini ya kitanda.

"Umeziweka wapi?"

"Nini?"

"Spika. Hiyo ni spika kubwa. Umeificha wapi?"

Mama Makochi hakuwa na haraka. Aliondoa kikapu kimoja, akakunja kitambaa vizuri pembe kwa pembe, akaondoa cha pili. Besi aliyatazama yale maboksi mawili madogo mpaka ubeti wa pili ukaisha. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Mama Makochi alikuwa amekingoja kwa miezi, na alikinywa chote. Alitamani wangekuwapo wale wageni, kila mmoja na bilauri yake.

"Nani amekufungia?"

"Nimejifungia. Nyamaza, kengele inakuja."

Ikaja. Moja, nyembamba, upande wa kulia.

"Kengele gani?" alisema Besi.

Mama Makochi alidhani anajifanya hamnazo. Akainua sindano, akairudisha nyuma kidogo. Wimbo ukasogea. Kengele ikalia, safi, kama kijiko kwenye glasi. Alikuwa akimwangalia mumewe wa zamani usoni, na hata jicho halikucheza.

"Hakuna kengele hapo," alisema Besi. "Mimi wimbo huu naujua toka ujana. Spika zako ni nzuri katikati, sikatai, lakini hazina juu. Ongeza kule juu. Ziko butu."

Ndipo vitu vyote vikajipanga kichwani mwa Mama Makochi, kimoja baada ya kingine. Sauti ya sebuleni iliyozidi kuwa kali mwaka hadi mwaka. Waimbaji waliotema "s". Simu iliyolia mfukoni mwa Besi mpaka mtu amwambie. Miaka yote ile ya kusimama mbele ya spika kubwa kwenye kumbi za watu. Mtu huyu alikuwa hasikii. Sauti za chini alizisikia, za juu zilikuwa zimemkimbia, na yeye hakuwa na habari.

Neno la masikio ya mbao lilimjia mdomoni likiwa limeiva. Alikuwa na haki nalo kuliko mtu yeyote duniani. Akavuta pumzi alitoe, halafu akaona kwamba akilitoa, Besi ataenda kwa daktari. Ataonewa huruma. Atapona kwa namna fulani, au atazoea. Na alijua jambo jingine: chama cha mafundi kilikuwa kinafungua ukumbi wake mpya mwezi uliofuata, na mitambo ya sauti alikuwa amepewa Besi.

"Labda nimesikia vibaya," alisema. "Si unajua masikio yangu."

"Ndiyo maana nakwambia," alisema Besi, akatulia, akawa Besi tena. Akabeba katoni lake akaenda.

Viti vya ukumbi ule vilikuwa kazi ya Mama Makochi. Alikuwa akienda pale kila siku kupigilia vitambaa, na kila siku alimkuta Besi juu ya ngazi anatundika spika. Alikuwapo Besi alipofanya majaribio. Sauti ilitoka kama bati linalopasuliwa. Maseremala waliokuwa wakimalizia jukwaa walikunja nyuso, mmoja akaziba sikio kwa bega, lakini nani angemfundisha Besi kazi? Wakaangaliana, wakaendelea kupiga nyundo. Mara kadhaa Mama Makochi alikuwa peke yake naye ukumbini. Mara moja Besi alishuka akaomba maji, akayanywa amesimama karibu naye, akasifu kitambaa cha viti. Ingetosha sentensi moja. Mama Makochi alipokea kikombe, akachukua nyundo yake.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Mafundi wa kila aina walikuja na familia zao, viongozi wakakaa mbele, binti akakaa na msichana wa duka la ujenzi karibu na meza ya mitambo ili kumtia baba moyo. Mama Makochi alikaa safu ya katikati na mkoba wake mapajani. Kabla mwenyekiti hajapanda jukwaani, alifungua mkoba, akatoa pamba, ile ile anayojazia mito, akasokota vipande viwili akajitia masikioni. Fundi viatu aliyekaa jirani yake akauliza ya nini.

"Chukua na wewe," alimwambia. "Mpelekee na mkeo."

Mwenyekiti akasema "Ndugu wanachama," na mlio ukaanza. Ulikuwa mlio mwembamba, wa kuchoma, uliopanda bila kukoma. Watoto wakalia. Wazee wakashika vichwa. Mwenyekiti akaondoa maikrofoni mdomoni, akairudisha, mlio ukarudi nayo. Watu wote wakageukia nyuma, na kule nyuma Besi alikuwa amesimama mikono kifuani, anatabasamu, anasubiri hotuba iendelee. Kwake palikuwa kimya.

"Besi, punguza hiyo," mwenyekiti alisema bila maikrofoni.

"Nipunguze nini? Hujaanza hata kusema."

Kicheko kilianzia safu za nyuma, kwa vijana. Wengine walidhani ni mzaha wa Besi. Alipoona wanacheka akadhani sauti ni ndogo, akapandisha, na mlio ukawapiga watu mpaka wakaanza kutoka. Mwisho seremala mmoja alienda akang'oa waya. Katika ukimya ule, ambao kila mtu aliusikia sawa, Besi alitazama ukumbi mzima na ukumbi mzima ukamtazama. Mama Makochi alitoa pamba masikioni. Hakucheka. Alitaka kusikia vizuri wengine wakicheka.

Binti alimfuata karakanani jioni ile ile, hakukaa.

"Ulijua. Siku ile ya kengele ulijua."

"Nilijua."

"Mimi niliisikia. Nikadhani baba anashindana na wewe tu. Ungeniambia hata mimi. Mbona hukusema?"

"Baba yako aliniambia kwa miaka kwamba sina masikio," alisema Mama Makochi. "Niliamua kumwamini."

Binti akaondoka, na Jumapili zilizofuata hazikuwa na mgeni. Hilo Mama Makochi hakulitarajia, na lilimuuma. Alizunguka nalo kwenye karakana, akakosea vipimo vya kochi la mtu. Lakini alipojiuliza usiku kama anajutia ukumbi, jibu lilikuwa lile lile kila mara. Kumkosa binti alikujutia. Ukumbi, hapana. Kuna jioni alizokaa kwenye kiti chake, akaweka santuri mpya aliyoinunua kwa Risasi, akahisi raha iliyomshuka mpaka kwenye nyayo, na hakujidanganya kwamba raha ile ilitokana na muziki mtupu.

Besi alipelekwa kupimwa na binti yake. Alipewa vifaa vidogo vya kuvaa masikioni, akalalamika kwamba dunia imejaa makelele ya vijiko. Kazi za sauti zilikauka. Watu wakawa wanaita wengine kwa visingizio vya adabu. Akapata kazi ya kutunza stoo. Zile spika kubwa alimuuzia mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, zikaenda kupigiwa kelele za magoli. Binti alianza kurudi kwa mama yake kidogo kidogo, kwanza kuleta mizigo ya wateja, kisha kunywa chai akiwa amesimama, kisha amekaa. Habari ya ukumbi hawakuirudia.

Mwishoni mwa mwaka msichana wa duka la ujenzi aliingia karakanani. Alisalimia kwa heshima, akabaki karibu na mlango kama anayetazama mahali pa kukimbilia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeambiwa unashona mapazia ya kuzuia sauti. Sebule yetu, hata sasa ambapo spika hazipo, ukizungumza inarudisha mwangwi. Na yeye akivaa vile vifaa inamsumbua kichwa. Anavivua, halafu tunazungumza kwa kupiga kelele."

Mama Makochi alimtazama. Alikuwa na mikunjo chini ya macho ambayo kwenye kaunta ya duka hakuwa nayo.

"Amekutuma?"

"Hajui nimekuja. Angejua asingekubali."

"Dirisha lina upana gani?"

Msichana alitoa kamba aliyoifunga fundo mahali kipimo kilipoishia. Mama Makochi aliinyoosha mezani, akaipima kwa futi yake, akaenda kwenye rafu akashusha jora la kitambaa kizito cha rangi ya udongo. Akakikunjua.

"Dada," alisema msichana, "na wewe alikuwa anakudhihaki hivyo hivyo, mbele ya watu?"

"Shika pembe hiyo," alisema Mama Makochi. "Vuta, isiwe na mkunjo. Ndiyo. Mwaka wa kwanza utacheka naye. Usicheke."

Akashika mkasi mkubwa, akaanza kukata, na msichana akaivuta ile pembe kwa mikono miwili.